Soksi Sakafuni

Sura ya Tisa

Baridi haina adabu. Iliingia kwenye fleti ya mkunga bila kubisha hodi, ikajikalia sebuleni, na kwa sababu yake kinyozi alikuwa mahabusu tangu jana.

Kinyozi huyo ni kaka wa mkunga, tumbo moja. Ndiye aliyemuuzia dada yake fleti hiyo pamoja na mapazia, paka na cheti cha nishati. Cheti, kilichoandikwa na mkaguzi wa nishati, kilisema kwamba nyumba, pamoja na uzee wake wote, ilishika joto vizuri mno na ilistahili daraja la pili. Kwa jengo la umri ule daraja la pili ni jambo la kupigiwa vigelegele. Hati ya pango, ile inayompa mnunuzi fleti kwa miaka maalumu kabla haijarudi kwa mwenye jengo, ilikuwa imebakiza miaka michache kuliko benki inavyopenda, na bila cheti kile mkunga asingekopeshwa hata sumni. Basi akakopeshwa, akanunua, akahamia. Kipupwe kikaingia, na nyumba ikawa jokofu.

Inspekta wa kitengo cha udanganyifu aliyekabidhiwa jalada alikuwa mwanamke wa makamo ambaye kituo kizima kilimwita Pindo. Wenzake walimpa jina hilo kwa kuwa ripoti zake haziachi uzi ukining'inia: kila swali na jibu lake, kila jibu na sababu yake, zote zimeshonwa mpaka mwisho. Yeye alijifanya halipendi. Uongo mtupu, alilipenda sana.

"Kesho asubuhi wanapelekwa kwa hakimu, kinyozi na yule mkaguzi wake," mkuu wa kituo alimwambia. "Niletee ripoti leo hii. Iwe ya kuwafunga au ya kuwaachia, ya katikati siitaki. Na nakala kwa mwenye jengo, usisahau. Fleti za hati ya pango ndivyo zilivyo, mwenye jengo ni mhusika apende asipende."

"Nimewahi kusahau nini, afande?"

"Kucheka," mkuu alijibu, akarudi kwenye simu yake.

Mkunga alimfungulia Pindo mlango akiwa amejifunika blanketi juu ya sare ya kazi. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka zamu.

"Karibu kwenye friji," alisema. "Koti usivue, utajuta."

Pindo hakuvua. Alianzia madirishani, maana huko ndiko tuhuma zilikoelekea. Mkunga alidai kwamba siku ya ukaguzi madirisha yalikuwa na vioo viwili viwili vya kuzuia baridi, na kwamba kaka yake aliving'oa na kuviuza kabla ya kumkabidhi funguo. Pindo alikwaruza kwa ukucha ile puti inayoshika kioo kwenye fremu. Ilikuwa ngumu, imepakwa rangi juu ya rangi juu ya rangi.

"Madirisha haya hayajaguswa tangu mimi na wewe tukivaa sare za shule," alisema.

"Basi alimhonga mkaguzi."

"Huenda."

"Huenda nini tena? Inspekta, mimi nazalisha wanawake usiku kucha, nikirudi nataka nilale kama binadamu. Hita inawaka kutwa, umeme unakwenda kama maji, na bado meno yanagongana. Juzi kaja mthamini, kazungusha macho mara moja tu, kaniambia kwa baridi hii na kwa miaka iliyobaki kwenye hati siwezi kumuuzia hata mjinga. Jasho langu lote limo humu ndani. Na aliyenitia humu ni kaka yangu!" Aliyasema kwa hasira, lakini machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Mama hataki hata kunisikia. Anasema nimemfunga mwanawe. Kwani mimi ni mtoto wa nani?"

Pindo alitupa jicho jikoni. Juu ya friji alilala paka wa kijivu, amejikunja, mkia umefunika pua.

"Huyo naye mbona kapanda huko?"

"Huyo hana akili. Enzi za kaka alikuwa analala pale." Mkunga alionyesha katikati ya sebule, mahali ambapo hapakuwa na zulia wala mkeka. "Hapo hapo, sakafu tupu, na makochi yote haya yapo! Siku hizi hashuki. Nyuma ya friji kuna vuguvugu."

Pindo alichuchumaa katikati ya sebule, akaweka kiganja sakafuni. Kisha akaenda akakiweka ukutani, kisha kwenye kioo cha dirisha, kisha akarudi sakafuni. Alitarajia kioo kiwe baridi kuliko vyote. Haikuwa hivyo; sakafu ilikizidi.

"Umepoteza kitu?" mkunga aliuliza.

"Bado sijui," Pindo alisema, akajifuta mikono.

Kituoni aliwatoa mahabusu wote wawili, akawaketisha upande mmoja wa meza. Mkaguzi wa nishati, ambaye wenzake kazini humwita Vipimo, alikuwa mwembamba, miwani mikubwa, shati limekunjamana kwa kulaliwa. Kinyozi alikuwa amejikaza kisabuni, lakini macho yake yalikuwa mekundu.

"Ulipimaje?" Pindo alimuuliza Vipimo.

"Kama kanuni inavyotaka, afande. Hita imezimwa, madirisha yamefungwa, kipimajoto kila chumba, wiki nzima. Nyumba haikupoa. Nilishangaa hata mimi, nikarudia. Haikupoa."

"Ukashangaa, halafu ukaandika daraja la pili."

"Kanuni haina mahali pa kuandika mshangao."

"Na huyu mnafahamiana?"

Vipimo alimtupia kinyozi jicho. "Ananinyoa."

"Kwa malipo?"

Vipimo alivua miwani, akaanza kuifuta kwa shati. Hapo Pindo alidhani amenasa kitu, na kalamu yake ikasogea karibu na karatasi.

"Mara ile ya mwisho alikataa kupokea," Vipimo alisema kwa sauti ndogo.

"Ebo!" Kinyozi alidakia. "Kumnyoa mtu bure siku yake ya kuzaliwa imekuwa rushwa? Basi mkamateni na huyo askari wa zamu hapo mlangoni, kichwa chake nilikinyoa bure Ijumaa!"

Askari wa mlangoni alikohoa, akaanza kuangalia dari. Pindo akairudisha kalamu mahali pake.

"Nieleze ulivyokuwa ukiishi mle ndani," alimwambia kinyozi.

"Niliishi raha mustarehe, Inspekta. Hita niliikuta, sikumbuki kama niliwahi kuiwasha. Kipupwe kizima natembea peku. Soksi nafua jioni, nazitandaza sakafuni, asubuhi zimekauka."

"Sakafuni? Si kwenye kamba?"

"Kamba ya nini? Sakafu yenyewe inakausha."

"Sehemu gani ya sakafu?"

"Katikati ya sebule. Tulikuwa tunagombania nafasi na paka."

Wanaomfahamu Pindo wangejua kwamba hapo ndipo kesi ilipogeuka, maana alianza kuchezea kifungo cha koti lake, kifungo ambacho kilikuwa kimebakiza nyuzi mbili tu.

"Nani anakaa chini yako?"

"Mzee fundi cherehani na mkewe. Mama wa watu ni mgonjwa, hainuki kitandani mwaka wa ngapi huu. Mzee kampa chumba kile kikubwa, kamuwekea hita mbili, kila pembe moja. Zinawaka mchana na usiku. Ukipita mlangoni kwao unatokwa jasho."

"Na chumba kile kikubwa kiko chini ya sebule yako."

"Ndiyo. Kwani vipi?"

Vipimo alikuwa ameshaelewa. Alijipiga kofi la paji la uso mpaka miwani ikateleza. "Masikini mimi! Nilipima nyumba ya watu wawili, nikaandika ya mmoja!"

"Kwa nini hukuniambia habari za hita hizo tangu jana?" Pindo alimuuliza kinyozi.

"Hukuniuliza. Na hita ya jirani inanihusu nini mimi?" Kinyozi aliinama, akashika kichwa. "Inspekta, mwambie dada yangu sikumuibia. Hata ukinifunga, hilo mwambie."

"Nitamwambia nikishajua," Pindo alisema. Lilikuwa limebaki swali moja tu: kama joto lilitoka chini, kwa nini lilikoma?

Alipofika kwenye jengo hakupanda moja kwa moja. Alisimama uani, akainua macho. Ukuta ulikuwa umechujuka rangi, mabomba yamebanwa kwa waya. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya kipupwe, isipokuwa moja. Chini ya sebule ya mkunga dirisha lilikuwa wazi, mabawa yote mawili, na pazia likipepea nje. Alilitazama kwa muda, kisha akapanda ngazi polepole kuliko kawaida yake.

"Hodi."

"Karibu," sauti ilinong'ona kutoka ndani. "Taratibu tu tafadhali, mama amelala."

Aliyefungua alikuwa mzee mfupi, sweta juu ya sweta, futi ya kupimia nguo shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kifungo chako hicho kinadondoka. Lete hapa kabla hujakiacha barabarani."

Kabla Pindo hajasema yeye ni nani, koti lilikuwa tayari mikononi mwa mzee, na mzee ameketi kando ya cherehani, anatunga uzi kwenye sindano. Pindo akajitambulisha hivyo hivyo, akiwa na blauzi tu, na baridi ya nyumba ile ikampanda mgongoni. Mzee alitikisa kichwa bila kuacha kazi. Kama neno Inspekta lilimshtua, vidole vyake havikusema.

Pindo alizungusha macho. Kila kitu kilikuwa safi. Kwenye kichanja cha vyombo palikuwa na sahani moja, kijiko kimoja na kikombe kimoja. Pembeni kilisimama kiti cha magurudumu, na juu yake vitambaa vilikuwa vimepangwa mpaka kimo cha mtu aliyeketi. Mlango wa chumba kikubwa ulikuwa umefungwa, na chini yake upepo ulikuwa unapita.

"Mama anaendeleaje?"

"Hivyo hivyo," mzee alinong'ona. "Tunashukuru."

"Baridi hii haimsumbui?"

"Baridi haitaki kabisa. Nimemuwekea hita."

"Zinawaka?"

"Mchana na usiku."

Sindano ilipanda, ikashuka. Pindo amehoji majambazi na mameneja wa benki bila kigugumizi, lakini swali lililofuata alitamani liulizwe na mtu mwingine.

"Mzee wangu, dirisha la chumbani kwake liko wazi. Nimeliona nikiwa uani."

Sindano ikasimama. Mzee aliutazama mlango uliofungwa, na aliposema tena hakunong'ona. Sauti yake ya kweli ilikuwa nzito, imekauka kwa kutotumika.

"Kulikuwa na harufu ya dawa. Nikafungua itoke. Imeshatoka, na sasa siwezi kulifunga."

"Pole sana, mzee. Ilikuwa lini?"

"Kipupwe kinaanza. Alitaka kuwaona dada zake, nikamchukulia teksi, nikampeleka kwao. Hakurudi. Tukamzika huko huko, kando ya wazazi wake. Nikarudi peke yangu, nikazima hita. Msimamizi wa jengo akaniuliza mama yuko wapi, nikasema kachoka na safari, amelala. Kesho yake nikasema vile vile. Ukishaanza kusema, mwanangu, mdomo unazoea."

"Kwa nini ufiche msiba?"

"Hati ni yake." Mzee alianza tena kushona, taratibu. "Baba yake alimchukulia siku alipoolewa. Ni zile hati za zamani za uhai, si za miaka kama za huko juu. Mwenye jina akae mpaka afe, akifa nyumba inarudi kwa mwenye jengo. Mimi simo. Miaka yote tuliyokaa humu hofu yetu ilikuwa moja, kwamba nitatangulia mimi, abaki peke yake na kitanda. Tulipanga kila kitu kwa ajili hiyo. Ya upande wa pili hatukuyawaza hata siku moja."

Moyo ulimuuma Pindo, na halikuwa jambo alilolizoea akiwa kazini.

"Mwenye jengo ndiye kakutuma?" mzee aliuliza.

"Hapana. Mkunga wa juu analalamika baridi." Akamweleza yote: hita mbili, dari, sakafu, paka, soksi. Mzee alisikiliza mdomo wazi, kisha uso wake ukafanya kitu ambacho Pindo hakukitarajia. Ukatabasamu.

"Kwa hiyo yule kijana alikuwa anaota joto la mke wangu?"

"Yeye na paka wake."

"Angefurahi huyo! Alikuwa analala pale anamsikiliza juu akitembea. Ananiambia, baba we, huyu mtoto yuko peku, atapata mafua." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. "Na sasa yuko ndani kwa ajili ya hilo?"

"Kesho anapelekwa kwa hakimu."

"Basi andika. Mtoto wa watu asifungwe kwa hita zangu." Alifunga fundo, akakata uzi kwa meno, akamrudishia koti. "Ila na mimi unifikirie. Nivushe kipupwe tu. Nikishapata pa kwenda, nitamwambia mwenye jengo mwenyewe kwa mdomo wangu."

"Nitaandika yanayohusu kesi tu," Pindo alisema. "Nakuahidi, mzee."

"Ahsante, mwanangu. Hicho kifungo hakitoki tena."

Jioni ile ripoti ilimtoka Pindo kwa urahisi. Hita za fleti ya chini zilikuwa zikipasha sakafu ya fleti ya juu. Mkaguzi alipima kwa haki, ila kanuni yake haikumtaka aulize majirani. Muuzaji hakujua. Hita zilipozimwa, joto likakoma. Hakuna udanganyifu. Aliisoma mara ya kwanza, akaridhika. Aliisoma mara ya pili, akauona uzi.

Hita zilipozimwa. Kwa nini zilizimwa?

Aliinuka, akanywa maji, akaketi tena. Alijiambia aiache kama ilivyo. Kisha akajiambia kwamba mwendesha mashtaka ni mtu mbishi, atauliza swali lilelile. Atasema kinyozi alikula njama na jirani, hita ziwashwe kwa ajili ya ukaguzi na kuzimwa baada ya mauzo. Kinyozi atalala tena ndani. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake, na Pindo aliishika kwa mikono miwili. Lakini ukweli ni kwamba palikuwa na shimo kwenye ripoti, na yeye hajawahi kupeleka ripoti yenye shimo. Akaongeza sentensi moja: hita zilizimwa mwanzoni mwa kipupwe kufuatia kifo cha mke wa mkazi. Ilikuwa sentensi fupi na safi.

Kuhusu nakala ya mwenye jengo, alijifariji. Nani mwenye akili zake anakaa kusoma ripoti ya hita?

Mkuu aliisoma akiwa amesimama. "Pindo ni Pindo," alisema. "Nilikuwa najiandaa kuuliza kwa nini zilizimwa, na umeshajibu." Akatia sahihi. Karani akaipeleka nakala jioni ile ile.

Asubuhi mkunga alikuwa kaunta kabla ya kila mtu. Hakuwa na blanketi. Alikuwa na chupa ya chai na vikombe.

"Inspekta, nafuta malalamiko yangu! Nimekuja kumtoa kaka."

"Kaka yako anaachiwa, hakuna kosa. Lakini wewe kulikoni?"

"Nyumba ina joto! Nimeingia jana usiku nikadhani nimekosea mlango. Hita sijaigusa. Paka kashuka kwenye friji, kajitandaza katikati ya sebule kama mwenye nyumba. Na asubuhi namkuta mzee wa chini kwenye ngazi, ananiuliza, binti, umelala vizuri? Namwambia nimelala kama mtoto. Akasema basi vizuri, mke wake hapendi watu wapate baridi." Mkunga alicheka. "Hata sijawahi kumuona huyo mama, mimi na zamu zangu. Leo nikitoka hapa nitawapelekea kitu. Wewe umemuona? Hajambo lakini?"

Pindo alianza kupanga vikombe juu ya kaunta. Kama mwanamke huyu angekuja kaunta jana na maneno haya, jalada lingefungwa kwa sahihi moja na ripoti isingehitajika kabisa.

Mlango wa mahabusu ulifunguliwa. Kinyozi akatoka, anapepesa macho, mkanda mkononi. Dada mtu alisimama, chupa ya chai imemkwama kifuani.

"Soksi zangu nne zimebaki kwako," kinyozi alisema hatimaye.

"Nimezifanya vitambaa vya kufutia vyombo."

"Dada, hata aibu huoni?"

"Nisamehe, kaka," alisema, na hapo sauti ikamkatika, wakashikana pale pale mbele ya askari wa zamu, ambaye aligeuza kichwa chake kilichonyolewa vizuri akatazama ukuta.

Karani alipita nyuma yao na mafaili, akamwinamia Pindo sikioni.

"Mwenye jengo kapiga simu sasa hivi," alisema kwa furaha, kama mtu aletaye pongezi. "Ameisoma yote, mpaka mstari wa mwisho. Anasema hajawahi kupata ripoti iliyokamilika hivi. Ameshamtuma fundi na kitasa kipya cha mlango wa mzee."

Pindo aliushika ukingo wa kaunta. Mkono wake mwingine ulikuwa juu ya kifungo cha koti. Alikivuta, akakivuta tena kwa nguvu. Hakikutoka.

"Inspekta?" Mkunga alikuwa anafuta machozi huku anacheka. "Hujanijibu. Yule mama hajambo?"

"Nenda nyumbani mama, ukalale," Pindo alisema. "Nenda kalale sasa hivi, wakati joto bado lipo."